Rasimu ilipendeza, picha ikafa: safari ya mchoro wa kidijiti hadi faili la mwisho

Kuna picha zinazokuwa na uhai zikiwa mistari michache tu ya penseli, kisha zikapoa kadiri saa za kazi zinavyoongezeka. Mchoraji hulaumu brashi, akatafuta nyingine, akabadilisha hata programu, na picha inayofuata ikapoa vilevile. Brashi haikuwa na hatia. Uamuzi uliostahili kufanywa mapema, wakati kuubadilisha kungechukua dakika mbili, uliahirishwa hadi hatua ambayo kuubadilisha kunakula siku nzima. Na kwa kuwa hakuna anayependa kupoteza siku nzima, uliachwa ulivyo ukafunikwa kwa urembo.

Zana zenyewe zinachangia uahirishaji huo. Kabla ya toleo la 3.0 la mwaka 1994, programu ya picha ya Photoshop haikuwa na leya, yaani matabaka yanayopangwa moja juu ya jingine; na kabla ya toleo la 5.0 la mwaka 1998 ilikuruhusu kutendua hatua moja tu. Ulilazimika kujua unachotaka kabla ya kugusa turubai. Leo karibu kila kitu kinatenduka, hivyo ni rahisi kuamini kwamba kila kitu kinarekebishika. Ni kweli leya itakuwezesha kubadilisha rangi ya shati kwa sekunde tatu. Lakini jaribu kuhamisha kichwa ambacho tayari kina mwanga, nywele, kivuli chake shingoni na taswira yake kwenye kioo cha dirisha lililo nyuma.

Tuchukue kazi moja tuifuate mpaka mwisho: ukurasa wa A4 wa kitabu cha watoto, unaomwonyesha fundi cherehani akishona usiku chini ya taa moja, kitambaa chekundu kikishuka kutoka mezani hadi sakafuni. Juu ya ukurasa panahitajika nafasi ya mistari minne ya maandishi. Picha hii itajibu maswali matano, na mpangilio wake ndio mchakato wenyewe: nini kiko wapi, kimejengwaje, wapi pana nuru na wapi pana giza, rangi gani, na mwisho kingo na umbile la nyuso. Kila swali linasimama juu ya lililotangulia. Ukiruka la tatu ukaenda la nne, la nne litakurudisha kwa nguvu.

Turubai na hesabu zake

Ukubwa unaamuliwa kwanza kwa sababu picha ya pikseli, yaani nukta ndogo za rangi, haikuzwi bila kupoteza ukali. A4 kwa pikseli 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508. Kiwanda cha uchapaji hukata karatasi baada ya kuchapa, na kisu hakitui palepale kila mara, kwa hiyo picha inayofika ukingoni huongezwa milimita 3 kila upande. Turubai ya fundi wetu basi inakuwa pikseli 2551 kwa 3579. Weka mistari ya mwongozo inayoonyesha kisu kitapita wapi, na usiweke kidole, jicho wala neno ndani ya milimita 5 kutoka hapo.

Kwa ukubwa huo leya moja iliyojaa, kwa hesabu ya baiti 4 kwa kila pikseli, inakula takribani megabaiti 36 za kumbukumbu kabla programu haijaibana. Leya 30 zinapita kidogo gigabaiti moja. Ukipandisha hadi pikseli 600 kwa inchi eti kwa usalama, kila leya inakuwa nzito mara nne, brashi kubwa zinaanza kuchelewa nyuma ya kalamu, na kwenye tableti idadi ya leya unazoruhusiwa inashuka ghafla. Programu kama Procreate huweka kikomo cha leya kulingana na ukubwa wa turubai na kumbukumbu ya kifaa. Kwa picha ya rangi ya kitabu, 300 inatosha. Pikseli 600 zina maana pale tu kazi ni mistari mieusi mitupu isiyo na kijivu, ambako ngazi za pikseli kwenye mkunjo huonekana kwa macho.

Namba nyingine ya kukaa nayo kichwani: kwa pikseli 300 kwa inchi, milimita moja ni takribani pikseli 12. Brashi ya pikseli 6 itachapwa ikiwa nusu milimita, na ya pikseli 2 itakuwa unywele ambao huenda usionekane vizuri. Wanaochora wakiwa wamekuza turubai hadi asilimia 400 hujikuta wametumia jioni nzima kwenye nyuzi za pindo ambazo msomaji hataziona kamwe.

Vijipicha: mahali pa kukosea kwa bei nafuu

Chora mistatili midogo, kila mmoja na urefu wa sentimita 5 hivi, yenye uwiano uleule wa ukurasa (kwa A4 ni 1 kwa 1.41). Ndani ya kila mmoja panga picha kwa brashi moja nene, bila macho, bila vidole. Sita hadi nane zinatosha, na usitumie zaidi ya dakika tano kwa kila kimoja. Kijipicha cha kwanza karibu kila mara ni kile ambacho kila mtu angekichora: fundi katikati, anatazama mbele, taa juu ya kichwa. Cha pili na cha tatu hukihama hicho kwa woga. Kuanzia cha nne ndipo mambo yanapoanza kuvutia, labda jicho la mtazamaji likishuka hadi usawa wa sakafu, kitambaa kikawa njia nyekundu inayopanda kumwelekea fundi.

Nafasi ya maandishi ichorwe hapa hapa kama boksi tupu. Ni kosa la kawaida kuliko yote katika kazi za vitabu: picha inakamilika, maandishi yanaletwa, na mahali pekee palipobaki ni juu ya paji la uso wa mhusika.

Kama kuna mteja, mwonyeshe vijipicha vitatu. Ukimwonyesha kumi atachagua kichwa cha kwanza, mikono ya nne na chumba cha saba. Muhimu zaidi, makubaliano yaseme wazi mabadiliko ya mpangilio yanafanywa katika hatua hii, na idadi ya marekebisho katika hatua zinazofuata itajwe kwa namba. Mteja hajui kwamba "msogeze kidogo kushoto" ni dakika mbili leo na saa sita wiki ijayo. Hana namna ya kujua usipomwambia.

Rasimu na mifupa yake

Kijipicha kilichochaguliwa kikuze mpaka kijaze turubai, kipunguzie opasiti (uzito wa kuonekana kwake) hadi asilimia 20 au 30 kiwe kivuli tu, kisha fungua leya mpya juu yake. Anza na mstari wa upeo, kwa maana ndio unaosema jicho la mtazamaji liko kimo gani. Meza, cherehani na dirisha vyote viwe na kingo zinazoelekea nukta za kutoweka zilezile, yaani pale mistari sambamba inapoonekana kukutana kwa mbali. Meza ikifuata nukta moja na cherehani nyingine, msomaji hatajua kosa ni nini ila atahisi cherehani inateleza.

Mwili wa fundi ujengwe kwa maboksi na mitungi kabla ya nguo. Mikono ndiyo itakayobeba hadithi ya picha hii, kwa hiyo ipigie picha ya marejeo: shika kitambaa mwenyewe chini ya taa ya meza na ujipige kwa simu. Picha za watu wengine mtandaoni ni za kujifunzia umbo, na kuifuatisha moja mstari kwa mstari bila ruhusa ni tatizo la hakimiliki hata kama rangi umebadilisha.

Pindua turubai kushoto kulia. Amri hiyo inapatikana karibu kwenye kila programu, na thamani yake inatokana na mazoea ya jicho: umeitazama picha kwa saa nzima, ubongo umeshasawazisha upogo wake. Ikipinduliwa, jicho moja lililo juu ya jingine linajitangaza lenyewe. Fanya hivyo kila baada ya dakika ishirini hivi, hasa sasa, maana kichwa kilichopinda kinanyooshwa kwa kukizungushia uteuzi na kukisogeza. Kikishapakwa rangi, ufa umeshakuwa ukuta.

Toni, hatua inayorukwa na wengi

Toni ni kiwango cha nuru na giza, ukiacha kabisa suala la rangi gani. Jicho linasoma picha kwa toni kwanza. Ukurasa ukitazamwa kutoka upande wa pili wa chumba, unachokiona ni mabaka ya giza na nuru. Uso, kitambaa na sindano vinakuja baadaye. Picha nyingi zilizopoa zinaumwa ugonjwa huu mmoja: kila kitu kiko kwenye kijivu cha kati, rangi zinapiga kelele, na hakuna mahali pa jicho kutua.

Chini ya leya ya rasimu, paka kwa vijivu vitatu tu: giza, kati, nuru. Gawa kwa namna isiyo sawa. Kwa fundi wetu wa usiku, mgao wa asilimia 70 giza, 20 kati na 10 nuru ni mwanzo mzuri, na ile 10 yote iwe kwenye mikono, sehemu ya uso na kitambaa kilicho chini ya taa. Giza zito kabisa na nuru kali kabisa zigusane mahali pamoja, pale unapotaka msomaji atazame. Zikigusana pia kwenye kona, kwa mfano dirisha jeupe kwenye ukuta mweusi, jicho litakimbilia konani na fundi atabaki anashona peke yake.

Baada ya rangi kuingia utahitaji kuikagua toni tena, na hapa kuna mtego. Amri rahisi ya kuondoa rangi katika programu nyingi hupima wastani wa kipeo cha juu na cha chini cha thamani za nyekundu, kijani na bluu, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255. Kwa kipimo hicho njano safi (255, 255, 0) na bluu safi (0, 0, 255) zote hugeuka kijivu kilekile cha kati, ingawa hata mtoto anaona njano inang'aa na bluu ni nzito. Katika sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi za skrini, mwanga tunaouona hutokana na kijani kwa takribani asilimia 72, nyekundu 21 na bluu 7. Njia ya kuaminika ni kuweka leya nyeusi juu ya leya zote, kuipa modi ya kuchanganya (namna leya inavyoungana na zilizo chini yake) iitwayo rangi, kisha kuiwasha na kuizima unapotaka kukagua. Haiharibu kitu, na inapima mwanga kwa namna inayokaribia jicho.

Mistari, kama picha inaihitaji

Kuna wachoraji wanaopaka moja kwa moja juu ya rasimu na mistari ikafunikwa. Wanaobaki na mistari wanaifanya kwenye leya yake, iliyowekwa modi ya maltiplai ili weupe wake, kama upo, usifunike rangi ya chini.

Unene ndio unaotofautisha mstari hai na waya. Uwe mnene upande wa kivuli, kitu kimoja kinapopita mbele ya kingine, na mahali penye uzito, kama kitambaa kinapogusa sakafu. Uwe mwembamba, au ukatike kabisa, upande unaopigwa na taa. Mkono ukitetemeka, stabilaiza ya programu itatuliza mstari kwa kuuchelewesha kidogo nyuma ya kalamu. Iweke chini hadi wastani. Ikiwa juu sana kona zote zinakuwa duara, na mikunjo ya kitambaa inafanana na tambi. Dawa bora ni kuvuta mstari mrefu kwa bega, kuzungusha turubai ifuate mwelekeo wa mkono, na kurekebisha mkondo wa mgandamizo wa kalamu kwenye mipangilio mpaka ubonyezaji wako wa kawaida utoe unene wa kati. Anayelazimika kubonyeza kwa nguvu ili apate mstari mnene ataumia kiganja kabla ya picha kuisha.

Funga mianya. Mstari wa bega usipokutana na wa shingo, ndoo ya rangi itamwagika chumba kizima.

Rangi bapa

Hii ni kazi ya subira na haina maajabu. Kila eneo kubwa (ngozi, shati, kitambaa, cherehani, ukuta) linapewa rangi moja isiyo na kivuli, kwenye leya yake, chini ya mistari. Kwenye ndoo ya rangi washa chaguo la kutanua ujazo kwa pikseli 1 au 2. Ukingo wa mstari umelainishwa kwa pikseli za nusu uwazi, ndoo inasimama kabla ya kuzifikia, na usipotanua utaona uzi mweupe umezunguka kila kitu. Uzi huo hauonekani kirahisi kwenye turubai nyeupe. Kwa hiyo, wakati wa kazi hii, weka chini kabisa leya ya rangi ya ajabu, kama waridi kali. Kila tundu litajionyesha.

Leya zikiwa safi, kila kinachofuata kinabanwa juu yake: leya ya kivuli iliyobanwa kwenye leya ya kitambaa haiwezi kutoka nje ya kitambaa hata mkono ukiteleza. Zipe leya majina. "Leya 47 nakala 2" inachekesha mpaka mteja anapoomba shati libadilishwe.

Rangi zenyewe zichaguliwe zikiwa zimekaa pamoja. Michel-Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia upakaji rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1839 kwamba rangi mbili zilizo jirani hubadilishana mwonekano. Kijivu kilichozungukwa na chungwa kitaonekana cha bluu. Ndiyo sababu ukichukua rangi ya ngozi kwa kichagua rangi kutoka picha uliyoipenda, ukaiweka kwenye ukuta wako wa kijani, haifanani tena. Punguza ukolevu kwa ujumla, na rangi moja tu iruhusiwe kuwa kali. Hapa ni kile kitambaa chekundu.

Mwanga: fizikia kidogo inaokoa mengi

Kabla ya kupaka kivuli chochote, chora mshale kwenye leya ya juu unaoonyesha taa iko wapi, na andika kando yake rangi ya mwanga. Kisha jiulize swali ambalo wengi hawajiulizi: kivuli kinapata mwanga kutoka wapi? Kivuli si tundu. Ni sehemu ambayo taa kuu haifiki, lakini mwanga mwingine unafika. Nje mchana, jua lina rangi ya joto na kivuli kinamulikwa na anga, ndiyo maana kinaelekea bluu. Kwenye chumba cha fundi, taa ni ya njano na dirisha linaleta ubaridi wa usiku, kwa hiyo vivuli vitaelekea bluu au zambarau.

Jambo hili linaonekana hata kwenye namba. Tuseme kitambaa ni 200, 60, 50. Ukiweka kivuli kwa nyeusi ya opasiti asilimia 40, unapata 120, 36, 30: nyekundu ileile, imezimwa tu, kama iliyopakwa masizi. Sasa weka leya ya maltiplai yenye zambarau hafifu 170, 160, 210. Maltiplai huzidisha kila thamani na mwenzake kisha hugawanya kwa 255, hivyo unapata 133, 38, 41. Bluu iliyokuwa chini ya kijani sasa imepita juu yake. Nyekundu imesogea kidogo kuelekea zambarau. Tofauti ni ndogo kwa namba, kubwa kwa jicho. Fomula hiyo pia inaeleza kwa nini maltiplai haiwezi kung'arisha kitu na kwa nini nyeupe ndani yake haina athari yoyote. Modi ya skrini ni kinyume chake, inang'arisha tu, na ndiyo ya kuongezea mwanga wa taa.

Kisha umbali. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali. Kitambaa kiko sentimita 30 kutoka kwenye taa, ukuta uko sentimita 120. Umbali ni mara nne, basi ukuta unapata mwanga wa moja ya kumi na sita. Thamani za sRGB hazipandi sambamba na mwanga, kwa hiyo kitu cheupe kinachosoma 255 karibu na taa kitasoma takribani 71 kule ukutani. Ndiyo ile asilimia 70 ya giza tuliyoiweka kwenye vijivu. Wachoraji wengi huupa ukuta 150 kwa kuhofia giza, kisha wanashangaa kwa nini taa haionekani kuwaka. Taa haiwakishwi kwa kuongeza njano kwenye balbu. Inawakishwa kwa giza la vilivyo mbali nayo.

Vivuli ni vya aina mbili, na kingo zake hazifanani. Kivuli cha umbo ni pale kitu chenyewe kinapogeuka kutoka kwenye nuru. Kwenye shavu au bega la mviringo ukingo wake ni laini. Kivuli kinachoangushwa, kama cha mkono juu ya kitambaa, kinaanza na ukingo mkali karibu na kilichokiangusha na kulainika kadiri kinavyokwenda mbali. Vitu vinapogusana, kama kidole na kitambaa, mwanga haupenyi kabisa. Mstari mwembamba wa giza hapo ndio unaofanya kidole kionekane kimeshika. Bila huo kinaelea. Na upande wa chini wa taya utapokea mwanga wa kurudi, mwekundu kutoka kwenye kitambaa, lakini uwe hafifu kuliko sehemu yoyote iliyo kwenye nuru. Mwanga wa kurudi unaozidi ni dalili ya picha ya mtu aliyejifunza jana kwamba upo.

Ngozi inastahili aya yake. Mwanga unaingia kidogo ndani ya ngozi na kutoka tena umechukua wekundu, hivyo pale nuru inapokutana na kivuli, na kwenye masikio yanayopigwa na taa kwa nyuma, pana utepe wenye ukolevu zaidi, wa chungwa au wekundu. Kwenye ngozi nyeusi kosa linaloenea ni kung'arisha kwa kuongeza nyeupe kwenye kahawia. Matokeo ni ngozi iliyopauka, kama isiyopakwa mafuta. Ngozi nyeusi hudhihirisha umbo kwa mng'ao, na mng'ao una rangi ya kinachoakisiwa: njano ya dhahabu upande wa taa, bluu upande wa dirisha. Chukua rangi ya mng'ao kutoka kwenye chanzo cha mwanga, na iwe madoa machache yenye kingo kali kwenye daraja la pua, paji la uso na mfupa wa shavu.

Brashi ya hewa, ile yenye ukingo wa ukungu, itumike mwishoni na kwa uchache. Ukiitumia kulainisha kila kivuli, fundi, meza na cherehani vyote vinakuwa vya mpira. Paka kivuli kwa brashi yenye ukingo mkali kwanza, kisha lainisha pale tu umbo linapogeuka polepole.

Kumalizia, na kuacha

Hatua ya tano ni fupi ikiwa nne za kwanza zilifanyika. Kaza kingo kwenye mikono na uso. Zipoteze pembeni, kwa mfano mgongo wa fundi uyeyuke ndani ya giza la ukuta. Badilisha rangi ya mistari kwa kuifunga alfa, ili kalamu ipake palipo na mstari tu, na kuipa kahawia nzito kwenye ngozi na damu ya mzee kwenye kitambaa. Umbile la karatasi au turubai liwekwe juu ya zote kwa modi ya ovalei (inayozidisha nuru na giza kwa pamoja), opasiti asilimia 10 hadi 15. Likizidi hapo linaonekana kama vumbi kwenye skrini.

Kujua pa kuachia kuna jaribio la vitendo: punguza picha mpaka iwe asilimia 25. Kama nyongeza yako ya mwisho haionekani hapo, na haionekani pia kwa asilimia 100, unajifurahisha. Hakuna ubaya, ila usimtoze mteja.

Kutoka skrini hadi karatasi

Hifadhi faili kuu likiwa na leya zote, katika RGB (rangi za skrini: nyekundu, kijani na bluu), na usilibadilishe. Mwisho wa kila hatua tunza nakala yenye namba: 01 rasimu, 02 toni, na kuendelea. Nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba, ndiyo desturi ya wanaoishi kwa kazi hii.

Kwa mtandao, toa picha ya sRGB. PNG haipotezi pikseli hata moja na inahifadhi sehemu zilizoachwa wazi, zinazopitisha kilicho nyuma. JPEG ni nyepesi zaidi lakini inaikata picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na mara nyingi huhifadhi rangi kwa nusu ya usahihi wa toni. Ndiyo maana mstari mwekundu juu ya bluu unachuja rangi pembeni. Ubora wa 85 hadi 90 unatosha. Usifungue JPEG, ukairekebisha na kuihifadhi tena mara kwa mara, kwa sababu hasara inarudiwa kila unapohifadhi.

Kwa uchapaji, omba profaili ya rangi (faili linaloeleza mashine yake inavyotoa rangi) kutoka kwa mpiga chapa na uitumie kuiona picha kama itakavyochapwa kabla ya kugeuza nakala kuwa CMYK, mfumo wa wino nne za uchapaji. Wino una wigo mdogo kuliko skrini: kijani cha kung'aa, bluu ya umeme na waridi kali vitafifia, na bluu nyingi husogea kuelekea zambarau. PNG haipokei CMYK, kwa hiyo nakala hiyo iwe TIFF au PDF. Maandishi meusi yawe wino mweusi peke yake. Yakiwa mchanganyiko wa wino nne, karatasi ikihama kwa sehemu ya milimita tu, herufi zinapata kivuli cha rangi.

Lalamiko la kawaida zaidi baada ya uchapaji ni kwamba picha ni nyeusi mno, na mara nyingi chanzo chake ni skrini. Picha ya usiku kama hii iliyochorwa kwenye skrini iliyowashwa hadi mwisho itaonekana sawa kwako na kuzama kwenye karatasi. Weka karatasi nyeupe kando ya skrini, chini ya taa unayofanyia kazi, na shusha mwangaza mpaka weupe wa skrini ukaribiane na wa karatasi. Kisha omba nakala moja ya majaribio na uitazame dirishani mchana. Ikiwa uso wa fundi umezama, nyanyua toni za kati peke yake kwa zana ya mkunjo wa toni (curves), katika leya ya marekebisho yenye maski inayogusa uso na mikono tu. Ukuta uache na giza lake.